Mnyamwezi Aliyefunga Ukuta wa Msikiti

Kwetu mtu akitaka kusifiwa vizuri, asimwite rafiki, amwite mtani. Rafiki atakufichia aibu zako, na sifa zisizo na aibu ndani yake nani anaziamini? Ndiyo maana yule fundi mzee alipotangaza kwamba magoti yamemshinda na hapandi tena juu ya jengo, wazee wa mji walikuja kwenye kiwanda changu cha kufulia chuma wakaniambia: wewe ndiye mtani wake, siku ya karamu ya kumuaga utasema wewe. Nikasema. Nilimtukana mpaka watu wakashika mbavu. Lakini pilau lilikuwa linapoa na watu wana njaa, kwa hiyo jambo kubwa nililipita mbiombio. Sasa naliandika, kwa herufi nilizozipata chuoni kwa bakora.

Mimi ni Mluguru wa milimani. Yeye ni Mnyamwezi. Wazee wake walipita hapa chini ya mlima na pembe mabegani wakienda Bagamoyo, wakagombana na wazee wetu, wakachoka kugombana, wakawa watani. Na mtani hana mipaka, jamani. Alipofiwa na mkwewe, niliingia kaburini nikalala, nikasema sitoki mpaka nipewe jogoo. Nilipewa. Naye mwaka uleule alinituma soko zima nitafute mawe jike, ati chokaa haishiki vizuri bila mawe jike kuchanganywa na dume. Nikazunguka kwa Wahindi, nikazunguka kwa wauza ndizi, naulizia mawe jike kwa sauti, hadi mama mmoja muuza mihogo akanionea huruma akaniambia, "Baba, nenda nyumbani." Nililala na hasira siku tatu. Niliapa hatanipata tena.

Kiapo hicho ndicho kilichotaka kuuangusha msikiti.

Lakini kwanza nimseme mwenyewe. Alishuka pwani kijana, na mzigo begani, akaona mafundi wakirekebisha majumba ya kale ya mawe, akauweka mzigo chini na hakuuinua tena. Miaka mingi alikuwa huko Bagamoyo akishika mwiko na timazi. Mjerumani alipoanza kuleta reli bara, fundi akapanda nayo, anajenga makalvati na kuta za stesheni, na reli ilipofika Morogoro akasema basi, hapa pana maji baridi na watani wa kutukana, nabaki. Nywele zilikuwa zimeshaanza kuwa nyeupe. Kujenga nyumba mpya hakukumfurahisha. "Kujenga anajenga hata mchwa," alikuwa akisema. Yeye alipenda jengo lililochoka. Alikuwa analizunguka, analigonga kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, na kabla hajasema neno mwenye nyumba ameshaanza kutetemeka.

Sasa basi. Msikiti wetu wa mjini ulikuwa wa mawe na chokaa, umejengwa na wazee kwa mikono yao, paa la makuti. Baadaye wakaona makuti ni aibu mjini penye stesheni, wakaezeka bati juu ya maboriti mazito. Haukupita msimu wa pili wa masika, ukuta wa mashariki, ule unaotazama njia ya soko, ukaanza kutoka tumbo. Ufa ukafunguka kwenye kona kutoka juu hadi kwenye dirisha, vidole vyangu viwili vinaingia, na mimi vidole vyangu si vya karani. Wakaujaza udongo. Ukafunguka. Wakaujaza chokaa. Ukafunguka. Kila mpita njia akawa na methali yake mdomoni, usipoziba ufa utajenga ukuta, mpaka fundi siku moja akawaka.

"Ufa hauzibwi!" alisema mbele ya watu. "Anayeziba ufa anauficha tu. Ufa ni ukuta unakwambia unavutwa. Uulize nani anauvuta."

Watu wakamwona amechanganyikiwa. Mtu mzima anabishana na methali!

Ijumaa moja, baada ya sala, Bwana Shauri akaja. Huyo ndiye Mjerumani mkubwa wa Boma, mwenye amri ya wilaya. Akautazama ukuta, akatazama watu wa soko wanaopita chini yake na mizigo kichwani, akasema kupitia karani wake kwamba jengo hili litaua watu. Ijumaa ijayo kabla ya adhuhuri wafungwa wataletwa walibomoe, na mawe yatapelekwa Boma kuongezea banda la farasi.

Banda la farasi! Mawe ambayo babu zetu waliyabeba kutoka mtoni, mawe yaliyosujudiwa, yaende yakakojolewe na farasi. Wazee walilia, na mimi nililia, sioni haya kusema. Ndipo fundi akatoka katikati ya watu, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, akasema ukuta huo unaweza kurudi ulikotoka.

Bwana Shauri akacheka. Kando yake alikuwepo injinia wa reli, Mjerumani mwingine, aliyemjua fundi tangu makalvati, na yeye hakucheka. Aliuliza utaurudishaje. Fundi akasema, kwa chuma na moto. Wakanong'onezana kwa Kijerumani. Karani akatutangazia shauri: injinia atatoa vyuma vinne virefu vilivyobaki karakana ya reli. Fundi ana muda hadi Ijumaa. Akishindwa, jengo linabomolewa, na yeye kwa kuupotezea muda ufalme atalala chini apigwe hamsa ishirini.

Viboko ishirini na tano, kwa mzee wa mvi vile. Yeye akasema, "Ndiyo, Bwana," akanigeukia: "Mluguru, washa moto."

Kazi yenyewe aliieleza hivi. Vyuma vinne vipite msikitini juu, chini kidogo ya paa, kutoka ukuta wa mashariki hadi wa magharibi, vichomoze nje pande zote mbili. Kila ncha nje ivikwe bamba pana la chuma linalolala ukutani. Nje ya bamba, kwenye ncha ya chuma, pawe na tundu, na ndani ya tundu ipigwe kabari, ili kabari ilibane bamba na bamba liubane ukuta. Halafu chuma kipashwe moto kikiwa palepale juu. Kitarefuka. Kikirefuka kabari italegea, tutaigonga izame zaidi. Kisha moto uondolewe, chuma kipoe, kijifupishe, na kikijifupisha kitarudi na ukuta.

"Chuma kirefuke kwa moto?" nilimwuliza. "Nani alikwambia?"

"Reli. Hujaona wanaacha nafasi kati ya chuma na chuma? Alfajiri nafasi ipo, saa saba mchana haipo. Wewe umefua chuma tangu hujaota ndevu na hujawahi kukipima, kazi yako kukipiga tu kama mke mwenza."

Hilo lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli. Ndipo akanipa kipimo. Alinipa kamba yenye mafundo mawili, upana wa jengo kutoka nje ya bamba hadi nje ya bamba. Akasema: "Sasa tundu kwa tundu, punguza vidole viwili kuliko kamba hii."

Nikamtazama. Akanitazama, macho makavu.

"Yaani nitengeneze mshipi mfupi kuliko kiuno?"

"Punguza, Mluguru. La sivyo nitakuzika hai, na safari hii hupewi jogoo."

Msomaji, ungekuwa mimi ungefanyaje? Mtu huyuhuyu amenizungusha soko zima natafuta mawe jike. Nikajiambia, aha, leo hunipati, mzee. Anataka nikate vifupi, visifike, anicheke mbele ya mji mzima kisha anitolee kipimo cha kweli. Siku nne nzima yeye alikuwa juu ya ngazi anatoboa ukuta, na mimi niko kwenye moto na wavuta mivukuto wangu, napiga chuma na kujipongeza. Nilitoboa matundu sawasawa na mafundo ya kamba. Sikupunguza hata unywele.

Jumatano asubuhi tukavipandisha. Watu wa mtaa wa Mwembesongo walikuja wanaume kwa wanawake, wengine kushika kamba, wengine kutazama. Vyuma vikapita kwenye matobo, mabamba yakakaa, pakapendeza. Fundi akachukua kabari ya kwanza akaitia tunduni. Ikaingia yote, kama kidole kwenye uji, ikatokea upande wa pili ikaanguka chini. Akachukua ya pili. Ikaanguka.

Alipanda ngazi taratibu, akaweka jicho pale. Tundu lote lilikuwa nje ya bamba, kabari haina inachokibana. Kama ningepunguza vidole viwili, nusu ya tundu ingejificha ndani ya bamba, na kabari ingekuwa na kitu cha kuuma. Akashuka. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu.

"Nilikwambia upunguze."

"Nilidhani unanitania."

Jamani, bora angenitukana. Alikaa juu ya jiwe akashika kichwa kwa mikono yote miwili, na ndipo nilipoona ni mzee kweli, shingo imekonda, mgongo ule ndio utakaopigwa Ijumaa kwa ujinga wangu. Kutoboa matundu mapya kungetaka siku nyingine mbili na makaa ambayo hatukuwa nayo. Karakana ya reli ilikuwa imeshatoa ilichotoa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baadaye akainua kichwa. "Chuma kikiwa kirefu," alisema, kama anayezungumza na ukuta, "nenepesha bamba. Nataka chuma bapa, kinene cha kidole kimoja kila ncha. Kiko wapi?"

Nilikuwa nacho. Nyumbani kwangu, juu ya dari, kulikuwa na majembe mapya kumi na mawili niliyoyafua mwenyewe kwa mahari ya mpwa wangu. Kwetu mtoto wa dada ni mzigo wa mjomba, na mjomba asiyetoa majembe hana uso wa kuonyesha kwenye ukoo. Niliyabeba yote nikayamwaga miguuni pake.

"Panga mawili upande huu wa chuma na mawili upande ule," nilisema, "yalale juu ya bamba, na kabari ipige juu yake."

Akaliokota moja akaligonga kwa kifundo. "Linafaa. Lakini ncha ni nane. Yanatakiwa thelathini na mawili."

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nikifa nacho sina deni na dunia. Mama muuza mihogo, yule yule wa mawe jike, alikuwa amesimama hapo na jembe lake begani anatoka shambani. Aligonga kichwa cha mpini kwenye jiwe, mpini ukatoka, akaliweka juu ya rundo. "Mvua bado," alisema. "Kwanza lilime ukuta." Wakacheka wenzake, na wao wakaanza. Ko, ko, ko, mipini inatoka. Habari ikapanda mlimani haraka kuliko askari anavyopanda, na kabla ya alasiri wanawake walikuwa wanateremka na majembe, mengine yameliwa na udongo hadi yamebaki kama kisahani, na wanasukumana, kila mmoja anataka lake litiwe. Tulipata thelathini na mawili, yakabaki mengine tunayarudisha kwa kubembeleza watu, maana aliyerudishiwa alinuna.

Kabari zikauma. Nilizipiga mwenyewe na kila pigo nilisema bismillahi.

Kisha moto. Fundi alining'iniza makarai ya makaa chini ya vyuma viwili kwanza, viwili vingine vikabaki baridi kuushikilia ukuta. Ndani ya ufa alichomeka vipande vya bua la mtama, vimekaza kidogo, ili tusidanganyane. Makaa yakawaka, chuma kikaanza kubadilika rangi, na mimi nimekaa nje juu ya ngazi nimeshika nyundo, siamini. Basi nikaona. Kabari iliyokuwa imebana ikaanza kucheza. Ikalegea mbele ya macho yangu, hakuna aliyeigusa! Chuma kimerefuka. Nikapiga kelele kama mwendawazimu, "Kimerefuka! Mnyamwezi, kimerefuka!" Naye kutoka chini akajibu, "Basi gonga, mjinga wewe, unamsubiri nani?" Nikagonga ikazama.

Makaa yakaondolewa. Tukangoja. Hakuna kazi ngumu kama kungoja chuma kipoe huku mji mzima unakutazama. Wengine walikuwa wanasoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Mara ufa ukasema: kah! Bua la kwanza limesagika. Kah! La pili. Watu waliruka utadhani wameona mwezi wa Idi. Ukuta ulikuwa umerudi nusu kidole, ukuta wa mawe, mzito kuliko treni, unarudi kwa heshima yake kama aliyeitwa.

Tukapasha vyuma vingine viwili, tukavigonga, vikapoa. Alhamisi nzima tukabadilishana, hivi vikipashwa vile vinashikilia. Kila mzunguko nusu kidole, kila mzunguko kah! na vigelegele. Ufa ulipobaki wa kuingiza ukucha tu, fundi akasema, "Sasa ndiyo uzibwe." Akauziba kwa chokaa, kwa mkono wake, taratibu kama anampaka mtoto mafuta. Methali ikapata haki yake, lakini kwa zamu yake.

Ijumaa saa nne wakaja. Bwana Shauri juu ya farasi wake, askari, wafungwa na sururu zao. Injinia akapanda ngazi, akateremsha timazi juu hadi chini, akangoja uzito utulie. Akarudia mara mbili. Akasema neno kwa Kijerumani ambalo karani hakutafsiri, lakini uso wa injinia ulitosha. Akayaona majembe. Akauliza, haya ni ya nini? Mtu anayejua kiasi hiki amekosaje kipimo cha tundu?

Karani akatafsiri. Bwana Shauri akanyanyua nyusi, maana alikuwa anatafuta pa kushika. Fundi akasema bila kupepesa, "Kosa ni langu, Bwana. Kazi ni yangu, na kosa lake langu."

Niliposikia hivyo miguu yangu ikatembea bila kuniuliza. Nikasimama mbele ya farasi. "Si lake," nilisema. "Alinipa kipimo sahihi. Mimi ni mtani wake, nilidhani ananitania, nikafanya ninavyojua mimi. Kama kuna wa kulala chini, ni mimi." Karani alihangaika kulitafsiri neno mtani, akazunguka, akaeleza, akatumia mikono. Injinia ndiye aliyeelewa kwanza, akaangua kicheko mpaka akashika ngazi, akamweleza mwenzake. Bwana Shauri alitazama ukuta, akatazama majembe, akatazama umati uliojaa njia nzima ya soko. Akawageuza wafungwa wake akaondoka nao.

Injinia alibaki. Akavua kofia yake, akamwuliza fundi amesoma wapi. "Kwenye reli zenu," alijibu fundi, "na kwenye majengo ya watu waliokwisha kufa." Tangu siku ile mpaka magoti yalipomshinda hakuna kuta zilizopasuka, kutoka Kilosa hadi juu huko Uluguru, za Boma, za Wahindi, za padri, ambazo hakuitwa yeye kuzifunga. Aliitwa injinia na watu waliokuwa hawajui maana ya neno. Na kila alikoitwa, chuma nilifua mimi, na kila aliponipa kipimo alimwita kwanza mtu wa tatu asikie.

Lakini Ijumaa ile kazi ilikuwa haijaisha. Adhana ilitolewa, watu wakatawadha, wakasimama mlangoni. Hakuna aliyeingia. Wiki nzima wameambiwa ukuta huu utaua watu, na timazi ya Mjerumani si kitu cha kukitia moyoni mara moja. Kila mmoja alimtazama mwenzake.

Fundi akavua viatu. Akapita katikati yao, akaingia, akaenda moja kwa moja hadi ukuta wa mashariki, akaketi chini ya chuma kimojawapo, na akaegemeza mgongo. Ule mgongo. Aliuegemeza wote, kichwa nacho kikalala ukutani, akafumba macho.

Nikaingia nikaketi kando yake, bega kwa bega, nikaegemea. Mawe yalikuwa ya baridi na hayakusogea. Akaingia mzee mmoja, akaja upande wetu. Wakaingia wawili, watano, kisha wakaingia kwa kusukumana, na imamu alipopanda mimbari, upande wa magharibi ulikuwa mtupu, na ukutani kwetu hapakuwa na pa kupenyeza mkono.